FUNDI WA KIJIJI: Zana nzuri kwa bei ndogo

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mbao si taabu. Wilaya ya Mufindi ina Shamba la Miti la Sao Hill, ambalo ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali. Njombe kuna misindano na miwati. Rungwe na Mbeya kuna mikaratusi. Kila siku malori yaliyojaa mbao yanashuka kwenda Dar es Salaam. Lakini katika vijiji vyetu bado utakuta nyumba ambayo mlango wake ni gunia, na watoto waliokalia matofali kwa kuwa hakuna viti.

Mbao zipo. Mikono ipo. Kinachokosekana ni zana.

Mfikirie kijana aliyemaliza mafunzo ya useremala. Anarudi kijijini na cheti chake. Hana msumeno, hana randa. Akipata kazi ya kutengeneza mlango, inambidi aazime zana kwa fundi mwingine. Mwenye zana anamwambia, "Ukilipwa, tugawane." Basi kijana anafanya kazi yote, lakini anapata nusu ya malipo. Na siku ambayo mwenye zana ana kazi yake, kijana anakaa bure. Fundi asiye na zana ni kibarua wa mwenye zana.

Watu wengi husema zana ni ghali. Ni kweli, zana mpya zilizo nzuri ni ghali. Lakini zipo njia za kupata zana nzuri kwa bei ndogo. Mwezi huu tutazieleza njia hizo.

Rahisi ya kweli na rahisi ya uongo

Wazee walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Methali hii inamsema mvivu anayetafuta sababu ya kutokwenda shambani. Haisemi kwamba tununue zana yoyote tunayoiona. Mtu anayetaka kufanya kazi lazima achague.

Tufanye hesabu. Tuseme patasi mpya iliyo dhaifu inauzwa shilingi 5,000. Makali yake yanajikunja kila ukigonga. Baada ya miezi mitatu unaitupa na kununua nyingine. Kwa mwaka mmoja umenunua patasi nne, umetoa shilingi 20,000. Tuseme tena kwamba patasi ya zamani iliyo imara inauzwa shilingi 8,000. Ina kutu na haina mpini. Ukiisafisha na kuitia mpini, utaitumia miaka kumi na zaidi. Ipi ni rahisi?

Kwa hiyo bei ya zana si fedha unayotoa siku ya kununua tu. Bei ya zana ni fedha hiyo ukiigawa kwa siku zote utakazoitumia.

Kwanza andika orodha

Usiende sokoni bila orodha. Ukienda bila orodha, utarudi na kitu kilichokupendeza macho, si kitu unachohitaji. Fundi seremala anayeanza anahitaji zana hizi:

1. Futi ya kupimia.
2. Skwea.
3. Msumeno wa mkono.
4. Nyundo yenye kucha za kung'olea misumari.
5. Patasi mbili, moja nyembamba na moja pana.
6. Randa moja.
7. Tupa ya pembe tatu ya kunolea msumeno.
8. Jiwe la kunolea.

Zana hizi nane zinatosha kutengeneza stuli, meza, mlango na dirisha. Keekee, jiliwa na bisibisi za kila namna vitafuata baadaye, ukishapata fedha kutokana na kazi.

Vipo vifaa ambavyo hupaswi kununua kabisa. Nyundo ya mti ya kugongea patasi unaweza kuitengeneza mwenyewe. Hata mahati ya kuchorea mstari sambamba na ukingo wa ubao, na meza ya kufanyia kazi, ni vya kutengeneza. Kazi ya kwanza ya fundi ni kujitengenezea vifaa vyake.

Mahali pa kutafuta

Mahali pa kwanza ni sokoni, kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika. Mbeya watu wengi huenda Mwanjelwa. Iringa huenda katika masoko ya mjini. Wauzaji wa namna hii wapo pia katika miji ya njiani kama Mafinga, Makambako na Tunduma. Nenda asubuhi, kuna mwanga wa kutosha wa kuangalia ufa. Usinunue zana jioni, gizani, kwa haraka.

Mahali pa pili ni minadani. Katika minada ya mifugo huuzwa pia majembe, mapanga, shoka na vyuma vingine. Mara nyingi mwenye kuuza hajui useremala. Anauza randa na kufuli mbovu kwa bei moja.

Mahali pa tatu ni gereji. Huko hutafuti zana iliyokwisha kutengenezwa. Unatafuta chuma kizuri. Springi bapa za lori ni chuma kigumu kinachofaa kutengenezea patasi, panga, shoka na tezo. Barabara Kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita Iringa na Mbeya, na malori yake huvunja springi nyingi.

Mahali pa nne ni kwa mhunzi. Tutamzungumzia mbele.

Mahali pa tano ni kwa mafundi wazee walioacha kazi, na kwa familia za mafundi waliofariki. Hapo ndipo penye zana bora kuliko zote, kwa sababu zilitunzwa na mtu aliyezijua.

Usione aya kutumia zana kuukuu. Nchini Uingereza, mwaka 1979, lilianzishwa shirika liitwalo Tools for Self Reliance. Watu wake walikusanya zana za zamani zilizolala mabandani. Walizisafisha, wakazinoa, wakazitia mipini, kisha wakazituma Afrika. Tanzania ni nchi mojawapo iliyopokea zana hizo. Mafundi wengi walianza kazi kwa zana ambazo zilikwisha kutumiwa na mtu mwingine maisha yake yote.

Namna ya kupima zana kabla ya kununua

Rangi nzuri si dalili ya zana nzuri. Kutu juu ya chuma nayo si dalili ya zana mbaya. Jifunze kupima.

*Msumeno.* Ushike mpini, elekeza ncha mbele, funga jicho moja, tazama kando ya meno. Ubao wake unyooke kama uzi. Kisha ukunje kidogo na uuachie. Msumeno mzuri hurudi na kunyooka. Msumeno mbaya hubaki umepinda. Meno butu si tatizo, tupa itayanoa. Meno mengi yaliyokatika ni tatizo. Kutu iliyokula chuma mpaka kukawa na vishimo karibu na meno, acha.

*Patasi.* Angalia urefu uliobaki. Patasi iliyonolewa mpaka ikawa fupi imekwisha. Kisha angalia karibu na makali. Ukiona doa la rangi ya buluu, ujue mtu aliinoa kwa mashine mpaka ikapata moto mwingi. Hapo chuma kimepoteza ugumu wake. Chukua tupa, uipitishe kidogo ukingoni. Kama tupa inateleza au inashika kidogo tu, chuma ni kigumu. Kama tupa inakula kwa urahisi kama inavyokula msumari, chuma ni laini. Mwombe mwenye mali ruhusa kwanza.

*Randa.* Ondoa ubao wake wa kukatia. Geuza randa, tazama chini. Weka ukingo ulionyooka juu ya tako lake. Ukiona mwanga mwingi unapita katikati, randa imepinda. Tazama pembeni mwa tundu la ubao wa kukatia. Hapo ndipo ufa huanzia. Randa nyingi za chuma ni za chuma cha kumimina, na chuma hicho kikianguka sakafuni hupasuka. Igonge kidogo kwa kidole cha chuma. Chuma kizima hulia. Chuma chenye ufa hutoa sauti butu.

*Skwea.* Iweke ukingoni mwa ubao ulionyooka, chora mstari. Igeuze upande wa pili, chora mstari mwingine pale pale. Mistari miwili ikilingana na kuwa mmoja, skwea ni sahihi. Ikiachana kama mkasi, usiinunue. Skwea isiyo sahihi itaharibu kila mlango utakaoutengeneza.

*Pima maji.* Iweke mezani, tazama povu lilipo. Igeuze, kichwa kiende mkiani. Povu lazima lisimame mahali palepale.

*Nyundo na tindo.* Angalia uso wa nyundo. Ukiwa na nyufa au umemeguka, acha. Tindo ikigongwa sana, kichwa chake hufumuka kama uyoga. Vipande vya uyoga huo vinaweza kuruka na kuingia jichoni. Kabla ya kuitumia, kata uyoga huo kwa tupa au jiwe la kusagia mpaka kichwa kiwe laini. Jicho halinunuliwi mnadani.

Alama zilizopigwa kwenye chuma zinaweza kukusaidia. Mji wa Sheffield nchini Uingereza na mji wa Solingen nchini Ujerumani ni mashuhuri tangu zamani kwa vyuma vya kukatia. Ukiona jina la mji kama huo limepigwa ndani ya chuma kikuukuu, kipime kwa makini, huenda umepata. Lakini majina huigizwa. Tupa haidanganyi.

Zana ya wizi si rahisi

Hapa, ndugu msomaji, soma polepole.

Ukiletewa randa nzuri kwa bei ya soda, jiulize imetoka wapi. Nyuma ya zana ya wizi yupo fundi mwenzako ambaye leo hana kazi. Tena Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inasema kwamba kupokea mali ya wizi ni kosa. Huwezi kujitetea kwa kusema, "Mimi nilinunua tu," kama ulijua au ulikuwa na sababu ya kujua.

Jambo hili ni zito zaidi kwa vyuma vya reli. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Ina urefu wa kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia. Inapita Makambako na Mbeya. Kipande cha reli ni fuawe nzuri sana, kila mhunzi anajua. Kwa hiyo wapo watu wanaokata vyuma, wanaong'oa misumari ya reli, na wanaofungua vyuma vya nguzo za umeme ili wauze kama chuma chakavu. Treni inaweza kuanguka kwa ajili ya vyuma vichache. Anayenunua ndiye anayemfanya mwizi arudi tena usiku wa pili.

Basi fanya hivi. Nunua mchana. Nunua mbele ya shahidi. Andikiana na muuzaji karatasi yenye jina lake, mahali anapokaa, jina la zana, bei na tarehe. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Itumie elimu hiyo. Mtu mwaminifu hataogopa karatasi. Akikataa kuandika, mwache na zana yake.

Zana za marehemu

Fundi akifa, sanduku lake la zana hubaki. Mjane na watoto hawajui bei. Wanataka ada ya shule au mbolea. Anakuja mnunuzi, anatazama sanduku, anasema, "Hivi ni vyuma vibovu tu." Anatoa fedha kidogo, anaondoka na mali.

Huo si ununuzi wa bei ndogo. Huo ni udanganyifu.

Ukifika katika nyumba kama hiyo, sema ukweli. Waambie ipi ni randa, ipi ni keekee, na bei ya mpya ni kiasi gani dukani. Uliza kwanza kama yupo mtoto anayetaka kujifunza kazi ya baba yake. Kama yupo, zana zibaki. Kama hayupo, patana nao kwa haki. Zana zilizotumika hata kwa bei ya haki bado ni rahisi kuliko mpya. Unaweza pia kulipa kidogo kwa fedha na kidogo kwa kazi, kama kuwatengenezea mlango au kitanda. Nawe mwenye zana, waeleze wa nyumbani kwako leo thamani ya kila kitu kilichomo sandukuni. Usingoje.

Kufufua zana

Zana ikifika nyumbani, ondoa kutu. Paka mafuta ya taa, uache usiku mmoja, kisha sugua kwa msasa au kwa mchanga laini na kitambaa. Kama kutu ni nyingi, loweka chuma katika siki usiku mmoja. Asubuhi kisugue, kioshe kwa maji na sabuni, kikaushe vizuri juani, kisha kipake mafuta siku hiyohiyo. Usipokipaka, kutu itarudi.

Mpini usiuondoe kwa kukitia chuma motoni. Moto huharibu ugumu wa chuma. Toboa na uchonge mpini wa zamani mpaka utoke.

Mpini mpya uwe wa mti mgumu usiopasuka upesi. Mpera ni mzuri. Mkaratusi uliokauka vizuri hufaa. Msindano haufai, ni laini. Kata mti, upasue, uuache kivulini ukauke kabla ya kuuchonga. Mpini mbichi husinyaa, kisha kichwa cha nyundo kinaruka na kumpiga mtu.

Unaponoa kwa mashine ya kusaga, chovya chuma majini mara kwa mara. Kikiwa cha moto kiasi cha kushindwa kukishika, umezidisha. Unaponoa kwa jiwe la mkono, huna hofu hiyo.

Wenzetu wa Tukuyu na Rungwe wanakaa mahali penye mvua nyingi sana. Huko kutu haipumziki. Kila jioni futa zana zako, zipake mafuta kidogo, uzitie ndani ya sanduku kavu. Usiziache sakafuni.

Mhunzi ni kiwanda cha kijijini

Kabla ya maduka kufika, nchi hii ilifua chuma chake yenyewe. Wakinga katika milima ya Makete walikuwa mashuhuri kwa majembe. Wanyakyusa walipata majembe kwa Wakinga, nao wakawapa chakula. Wafipa upande wa Rukwa walijenga tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, wakayeyusha mawe ya chuma. Baadaye Mbeya mjini kulikuwa na kiwanda cha Zana za Kilimo, ZZK, kilichotengeneza majembe. Ufundi wa chuma si mgeni kwetu.

Mhunzi wa leo, mwenye mvukuto, fuawe na kipande cha springi ya lori, anaweza kukutengenezea patasi, tezo au shoka. Mpelekee springi iliyo halali. Mweleze kazi unayotaka kuifanya. Usimpelekee nondo ya ujenzi wala misumari, kwa kuwa chuma chake ni laini, hakishiki makali.

Mwulize pia kama atakitia chuma ugumu. Chuma hupashwa mpaka kiwe chekundu na sumaku isikishike tena. Kisha huzamishwa katika mafuta. Hapo huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Husafishwa, kisha hupashwa tena polepole mpaka kiwe na rangi ya nyasi kavu. Hapo huwa kigumu bila kuvunjika ovyo. Mhunzi anayejua atakueleza hatua hizo bila kusita. Asiyejua atakuambia, "Ni chuma tu."

Kama unataka kujifunza zaidi, nenda ofisi ya SIDO. Shirika hili la kuhudumia viwanda vidogo liliundwa mwaka 1973, na lina ofisi Mbeya na Iringa. Vyuo vya VETA navyo vipo katika miji hiyo.

Nunueni pamoja

Si lazima kila fundi awe na kila kitu. Msumeno na patasi, kila mtu awe na vyake. Lakini jiliwa, keekee na jiwe la kusagia havitumiki kila saa. Mafundi watano wa kijiji kimoja wanaweza kuchanga na kununua vifaa hivyo kwa pamoja. Wawe na daftari. Anayechukua aandike jina, kifaa na tarehe. Anayerudisha aandike tena. Anayevunja atengeneze. Ushirika usio na daftari huishia kwenye ugomvi.

Ndugu msomaji, usingoje kupata fedha za zana zote nane. Anza na moja. Mwezi huu futi, mwezi ujao msumeno. Tengeneza stuli moja, iuze, na fedha yake inunue patasi. Zana inazaa zana.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini zana ya bei ndogo inaweza kuwa ghali?
2. Utajuaje kwamba skwea ni sahihi?
3. Mtu akikuletea kipande cha reli akuuzie, utafanya nini?
4. Katika kijiji chenu, nani anajua kufua chuma? Je, yupo kijana anayejifunza kwake?
5. Ni vifaa gani ambavyo mafundi wa kijiji chenu wangeweza kuvinunua pamoja?

Mwezi ujao tutaeleza namna ya kunoa msumeno kwa tupa ya pembe tatu. Uwe na msumeno wako tayari.